Kushuka ghafla kwa kasi ya michezo kwenye kompyuta ya mezani

Kushuka ghafla kwa kasi ya michezo kwenye kompyuta ya mezani ni hali ambapo mchezo uliokuwa ukienda vizuri unaanza, ndani ya siku moja au hata saa moja, kwenda polepole, kukwamakwama au kuganda, ingawa kompyuta ni ileile na mchezo ni uleule. Hali hii ni tofauti na unyonge wa mashine iliyozeeka. Kompyuta ya zamani huachwa nyuma kidogokidogo na michezo mipya, lakini mashine iliyoshuka ghafla ina jambo lililobadilika, na jambo hilo kwa kawaida linaweza kutafutwa na kupatikana.

Suala hili linagusa mfuko. Kadi ya michoro mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kompyuta ya michezo, na mwenye mashine asiyejua pa kuanzia hushauriwa haraka kuinunua upya. Sababu nyingi za kushuka ghafla, hata hivyo, huondolewa bila gharama, au kwa gharama ya betri ndogo ya saa na brashi ya kusafishia vumbi. Kwa mwenye kibanda cha gemu anayetoza kwa saa, kubadilisha kifaa kisicho na kosa ni hasara mara mbili: fedha zimetoka na tatizo limebaki.

Kasi inavyopimwa

Mchezo wa kompyuta huchora picha nzima upya mara nyingi kila sekunde. Kila picha huitwa fremu, na idadi yake kwa sekunde ndiyo kasi ya mchezo. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina takribani milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Kwa fremu 30 ina milisekunde 33.3. Prosesa hukokotoa mambo yanayotokea ndani ya mchezo (nani amesogea, risasi imefika wapi) kisha hukabidhi kazi ya kuchora kwa kadi ya michoro. Yeyote kati ya hao wawili akichelewa, fremu nzima huchelewa.

Wastani peke yake hudanganya. Mchezo unaweza kuonyesha wastani wa fremu 60 huku baadhi ya fremu zikichukua milisekunde 100, na mchezaji akaona picha inashtuka kila mara. Kwa hiyo ni vizuri kutenganisha tangu mwanzo kama mchezo umekuwa mzito muda wote, au unaenda vizuri na kukwama kwa vipindi. Uzito wa muda wote huelekeza kwenye joto, mipangilio au kadi. Kukwama kwa vipindi huelekeza zaidi kwenye diski, kumbukumbu au programu nyingine inayofanya kazi kwa siri.

Kuna pia kushuka kusiko na ugonjwa wowote. Mpangilio unaoitwa V-Sync hulazimisha kila fremu isubiri skrini iwe tayari. Katika aina yake ya zamani, kwenye skrini ya Hz 60, kompyuta ikishindwa kidogo tu kufikia fremu 60 hutelemka moja kwa moja hadi 30. Mtu anayeona namba 30 kamili, isiyotikisika, aangalie mpangilio huo, au kikomo cha fremu kilichowekwa ndani ya mchezo, kabla ya kufungua kasha.

Kuanza uchunguzi

Swali la kwanza ni lile ambalo mganga humuuliza mgonjwa: ilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini? Mara nyingi jibu hupatikana hapo hapo. Kompyuta ilihamishwa chumba. Windows ilijisasisha usiku. Draiva mpya ya kadi iliwekwa. Mdogo wake mwenye mashine alipakua mchezo wa bure. Umeme ulikatika na kurudi. Mchezo wenyewe ulipokea sasisho kubwa. Ikiwa michezo yote imeshuka, kosa limo kwenye kompyuta. Ikiwa ni mmoja tu, kosa huenda limo kwenye mchezo huo, na hakuna haja ya kugusa kifaa chochote.

Hatua ya pili ni kupima wakati mchezo unaendelea, si baada ya kuufunga, kwa sababu kompyuta iliyopumzika huonekana nzima. Programu ya Task Manager ya Windows, inayofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, huonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya michoro. Programu za bure kama MSI Afterburner na HWiNFO huongeza kile ambacho ni muhimu zaidi, yaani nyuzi za joto na kasi halisi ya saa ya kila kifaa katika MHz.

Namba hizo husomwa pamoja. Kadi ya michoro inayofanya kazi kwa asilimia 97 au 99 wakati wa mchezo haina tatizo kwa sababu hiyo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, ingawa wengi huogopa wanapoiona namba hiyo. Dalili ya kuangaliwa ni kadi iliyo kwenye asilimia 99 huku kasi yake ya saa imeporomoka chini ya kawaida yake: inajitahidi lakini imefungwa breki, kwa joto au kwa kikomo cha umeme. Kadi iliyo kwenye asilimia 40 wakati fremu ni chache inasubiri kazi kutoka kwa prosesa, kumbukumbu au diski. Na kadi iliyo karibu na sifuri haitumiki kabisa. Mchezo unachorwa na kifaa kingine.

Kipo kipimo rahisi kisichohitaji programu yoyote ya ziada. Punguza ubora wa picha na ukubwa wa mwonekano hadi chini kabisa. Fremu zikiongezeka sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Zisipoongezeka, kadi haina hatia, na anayeshauri inunuliwe mpya hajapima.

Joto

Joto ni mtuhumiwa wa kwanza. Prosesa na kadi za kisasa hazisubiri kuungua. Zikifika kikomo chao hupunguza kasi zenyewe. Kwa prosesa nyingi za Intel za mezani kikomo hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa prosesa za AMD Ryzen 7000 ni nyuzi 95 kwa aina nyingi. Kadi nyingi za michoro za NVIDIA huwa na vikomo vya kati ya nyuzi 88 na 94 kutegemea aina.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilichapisha jaribio lililozungumzwa sana: kipoza joto kiliondolewa juu ya prosesa wakati mchezo wa Quake III Arena ukiendelea. Pentium III iliganda. Pentium 4, iliyokuwa na kinga mpya ya kujipunguza, iliendelea kuchezesha mchezo lakini polepole mno, na kipoza kiliporudishwa ikarudi kwenye kasi yake. Prosesa za AMD Athlon za wakati huo ziliungua. Kinga hiyo sasa imo katika kila prosesa ya mezani, na ndiyo sababu kosa la upoaji leo halionekani kama moshi bali kama mchezo mzito.

Vumbi huongeza joto polepole, kwa hiyo haliwezi peke yake kueleza kushuka kwa siku moja, ila pale joto linapovuka kikomo kwa mara ya kwanza. Mambo yanayotokea ghafla ni mengine. Feni inaweza kusimama, au waya ulioachwa huru ndani ya kasha ukaingia kwenye mapanga yake. Pampu ya kipoza cha maji inaweza kufa, na hapo prosesa hupanda hadi kikomo ndani ya muda mfupi baada ya mchezo kuanza. Kipoza cha kawaida kilichokuja na prosesa nyingi za Intel kwa miaka mingi hushikiliwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa ndani ya ubao mama. Pini moja ikichomoka, kipoza huinuka upande mmoja na kuacha kugusa prosesa sawasawa. Hili hutokea sana kompyuta inaposafirishwa. Mashine iliyopanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ikiwa imelazwa kwenye buti ifunguliwe na pini zikaguliwe kabla ya kulaumu kitu kingine.

Pesti ya joto, ule ute mzito unaopakwa kati ya prosesa na kipoza, hukauka baada ya miaka na kupasuka. Ni jambo la kutazamwa hasa kwenye kompyuta za mtumba, ambazo nyingi zilitumika ofisini kwa miaka kadhaa bila kufunguliwa. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Kupaka kwa ukarimu hakuongezi upoaji.

Feni haiwezi kupoza kifaa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 32, prosesa nayo hupanda takribani nyuzi kumi kwa kazi ileile. Mashine iliyokuwa sawa mwezi wa Julai inaweza kuanza kujipunguza Februari katika chumba cha bati kisicho na hewa huko Mombasa au Tanga, bila kifaa chochote kuharibika. Kipimo chake ni kuondoa ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya kawaida ndani kwa nusu saa. Nyuzi zikishuka na fremu zikirudi, upoaji ndio tatizo.

Wakati wa kusafisha, kompyuta huzimwa na waya wa umeme huchomolewa. Panga la feni hushikwa kwa kidole kabla ya kupuliza hewa, kwani feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa inaweza kuharibu beringi zake. Kitambaa chenye maji hakitumiki.

Masasisho ya mfumo na draiva

Kushuka kwa asubuhi, baada ya usiku ambao kompyuta ilijizima na kujiwasha, mara nyingi ni sasisho. Mifano iliyokubaliwa na makampuni yenyewe ipo. Machi 2019 Microsoft ilikiri kwamba sasisho la Windows 10 namba KB4482887 lilipunguza utendaji wa michoro na wa kipanya katika baadhi ya michezo, ukiwemo Destiny 2. Aprili 2021 sasisho KB5001330 lilileta malalamiko ya aina hiyo, na Microsoft ililirudisha nyuma badiliko lililosababisha. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, AMD ilitangaza kwamba prosesa zake za Ryzen zilikuwa zikichelewa kufikia akiba ya kumbukumbu ya ndani, na kwamba baadhi ya michezo ya mashindano ingeweza kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya kasi. Marekebisho yalitolewa mwezi uleule.

Draiva nazo zina historia. Machi 2010 NVIDIA iliondoa draiva yake namba 196.75 kwa sababu ya kosa lililogusa udhibiti wa feni, baada ya kadi kupata joto kupita kiasi. Mwaka 2023 draiva 531.18 iliacha prosesa ikiwa na kazi nyingi hata baada ya mchezo kufungwa, na kampuni ikatoa marekebisho ya haraka.

Dawa ni kurudi nyuma hatua moja. Windows huhifadhi draiva iliyotangulia na inaweza kuirudisha kupitia orodha ya vifaa. Ikishindikana, draiva yote huondolewa kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha toleo lililokuwa likifanya kazi hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Aliyepanda toleo zima la Windows ana siku 10 za kurejea kwenye toleo la zamani bila kupoteza mafaili yake. Baada ya hapo Windows hufuta kilichohifadhiwa.

Lakini si kila kukwama baada ya draiva mpya ni kosa. Maelekezo madogo ya uchoraji yaliyokuwa yametayarishwa tayari hufutwa draiva inapobadilika, na mchezo huyatayarisha upya. Kwa vipindi vya kwanza utakwamakwama kila unapoingia sehemu mpya, kisha utatulia.

Masasisho pia hubadilisha mipangilio kimyakimya. Mpango wa umeme unaweza kurudi kwenye kuokoa nishati, ambako prosesa hairuhusiwi kufika kasi yake ya juu. Skrini ya Hz 144 inaweza kurudishwa Hz 60, na mchezaji akahisi uzito ilhali fremu hazijapungua.

Programu hasidi

Kadi ya michoro ni chombo kizuri cha kuchimbia sarafu za kidijiti, na wahalifu wanalijua hilo. Mwaka 2013 programu ya ligi ya michezo ya ESEA ya Marekani ilibainika kuwa na msimbo uliotumia kadi za wachezaji kuchimba Bitcoin bila ridhaa yao. Kampuni ilifikia makubaliano na jimbo la New Jersey. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoitwa Crackonosh, iliyosambazwa ndani ya nakala haramu za michezo maarufu kama Grand Theft Auto V na NBA 2K19. Crackonosh ilizima kinga ya virusi na kuchimba sarafu ya Monero kwa nguvu za kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa Afrika Mashariki, ambako michezo mingi hupita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, sababu hii isipuuzwe. Dalili yake ni feni zinazovuma na kadi au prosesa yenye kazi nyingi wakati hakuna mchezo uliofunguliwa. Nyingine hujificha pindi Task Manager inapofunguliwa, kwa hiyo feni zinazotulia ghafla kila dirisha hilo linapotokea ni dalili yenyewe. Kinga ya Windows iliyozimwa bila mwenye mashine kuizima ni dalili nzito zaidi. Hapo kuchanganua kwa kinga ya virusi huenda kusitoshe. Njia ya uhakika ni kuhifadhi picha na nyaraka kando, kufuta diski na kuweka mfumo upya. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine.

Kumbukumbu na betri ya ubao mama

Betri ya mviringo ya CR2032 kwenye ubao mama, yenye volti 3, hutunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Katika nyumba ambazo kompyuta huzimwa ukutani kila usiku, betri hii huisha mapema, kwa sababu ndiyo inayotumika muda wote huo. Ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani, na RAM iliyonunuliwa kwa kasi ya 3200 inaweza kurudi 2133 au 2400. Tarehe ya kompyuta iliyorudi miaka nyuma ndiyo inayofichua siri hii. Baada ya kubadilisha betri, mpangilio wa XMP, au EXPO kwa mashine mpya za AMD, huwashwa tena ndani ya BIOS.

Vijiti viwili vya RAM vikifanya kazi pamoja hupitisha data mara mbili ya kijiti kimoja. Kijiti kimoja kikilegea, kompyuta itawaka kama kawaida, lakini kumbukumbu imepungua nusu na njia imepungua nusu. Task Manager huonyesha jumla: mashine ya GB 16 inayosoma GB 8 izimwe, vijiti vichomolewe na kurudishwa kwa kusukuma hadi vishike. Kwenye bodi zenye nafasi nne, jozi kwa kawaida huwekwa nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa.

Kadi, nyaya na diski

Kosa linalochekesha, na ambalo hutokea kila kompyuta inapohamishwa, ni waya wa skrini kuchomekwa kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi ya michoro. Picha hutokea, lakini mchezo kwa kawaida huchorwa na kifaa kidogo kilicho ndani ya prosesa. Hapo ndipo kadi huonekana kwenye sifuri. Waya ukihamishwa sentimita chache chini, tatizo limekwisha.

Kadi iliyolegea kwenye nafasi yake inaweza kuwasiliana kwa njia 4 au 1 badala ya 16. Programu ya GPU-Z huonyesha idadi hiyo, ila isomwe kadi ikiwa kazini, kwani ikipumzika hupunguza mawasiliano yake kwa makusudi.

Diski iliyojaa au inayokufa husababisha kukwama, hasa mchezo unapopakia eneo jipya. Diski ngumu inayogonga au kukwaruza isijaribiwe kwa michezo zaidi. Kazi ya kwanza ni kunakili mafaili, kwa sababu mashine inayochezewa jioni ndiyo pia yenye picha za harusi na hesabu za duka.

Umeme na mtandao

Wengi husema mchezo ni mzito kwa sababu ya umeme mdogo. Kwa kawaida sivyo. Pawa saplai hutoa volti 12 zilezile ndani ya kompyuta hata umeme wa ukutani ukishuka, na nyingi za kisasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Inaposhindwa, kompyuta huzima au hujiwasha upya. Haifanyi mchezo uende polepole. Stabilaiza na UPS zina faida yake katika kulinda vifaa na data, lakini hazirudishi fremu.

Mtandao nao husingiziwa, au husingizia. Mchezo wa mtandaoni ambao wahusika wanaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, huku mazingira yakizunguka laini unapogeuza kipanya, una tatizo la mawasiliano na seva. Seva za michezo mingi ziko Ulaya au Afrika Kusini, na njia ya kufika huko ikibadilika, mfano kebo ya baharini ikikatika, ucheleweshaji huongezeka siku hiyo hiyo. Namba ya fremu kwenye kona ya skrini hubaki ilivyokuwa.